Tairi la Nyuma, Kushoto

Tairi la tatu lilipasuka nje ya hospitali ya wazazi, likiwa na wiki nne tu tangu lifungwe. Dereva alishuka, akaliangalia. Kwa nje lilikuwa zima, mifereji yake bado ina kina. Kwa ndani, upande usioonekana mpaka upige magoti, lilikuwa kipara, na waya zimechomoza. Yale mawili ya kwanza nayo yalikufa hivyo hivyo, mahali pale pale: nyuma, kushoto.

Alifunga spea, akapeleka damu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kusambaza damu katika hospitali tano. Wauguzi walimwita Dada Damu. Miezi mitatu nyuma alifiwa na mumewe, fundi umeme, aliyelala wodini wiki tatu kwa maradhi ya ini. Siku ya nane baada ya mazishi alirudi kazini. Watu walimsifu kwa moyo wake mgumu, naye aliitikia kwa sababu kuitikia kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Hakuhisi kitu. Alikula kwa kuwa saa ya kula imefika, akalala kwa kuwa taa zimezimwa.

Binti yake wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akijifunza ushonaji, hakumsifu. Siku ya mazishi alimwambia shangazi yake, kwa sauti ambayo mama aliisikia: "Baba amekufa saa nane. Saa tisa yeye yuko barabarani anagawa damu. Hajadondosha hata chozi." Tangu hapo nyumbani waliongea ya chumvi na ya funguo, basi.

Msimamizi wa magari alichoka kusaini tairi. Akampeleka kwa Fundi Nyuzi.

Fundi huyu alipata jina kwa sababu mbili: alipima magurudumu kwa nyuzi za kamba, halafu majibu akayatoa kwa nyuzi za pembe. "Zote nyuzi," alipenda kusema, "mradi zisikatike." Kwanza alimwambia dereva aendeshe, naye akaketi pembeni. Hawakufika hata mbali.

"Usukani umekaa upande hivi tangu lini?"

Dereva alitazama mikono yake. Gari lilikuwa likienda moja kwa moja, lakini usukani ulikuwa umeelekea kushoto, kama mtu aliyegeuza shingo kuitikia wito.

"Sikuona," alisema.

Waliporudi gereji, fundi alilivingirisha lile tairi bovu mbele yake. "Pitisha kiganja huku. Sasa rudisha. Unasikiaje?"

"Sawa tu."

"Sawa tu? Kurudi kunachoma kama msumeno." Kisha akaushika mkono wake, akaugeuza. Waya ulikuwa umemchana chini ya kidole gumba. Fundi alimletea kitambaa safi, akaacha mzaha.

Alisimamisha vyuma vinne, akavuta uzi kila upande wa gari, akachuchumaa na rula. Magurudumu ya mbele hayakuwa na neno. La nyuma kulia, halikuwa na neno. La nyuma kushoto alilipima mara mbili, akampa dereva rula asome mwenyewe. Ukingo wa mbele wa rimu ulikuwa karibu na uzi kuliko ukingo wa nyuma, kwa milimita nane.

"Linatazama nje," fundi alisema. "Wenzake watatu wanakwenda mbele, lenyewe lina safari yake. Kwa hiyo linaburuzwa. Na juu limeinamia ndani, ndiyo maana linalika upande usiouona."

"Nimepeleka gereji mbili. Wote walipima."

"Walipima mbele. Ni kama kumpa miwani mtu anayeumwa goti." Aliingia chini na tochi, akakaa huko kitambo. "Ekseli imepinda. Uligonga wapi?"

"Halijagonga."

"Dada yangu, ekseli haipindi kwa kuota ndoto mbaya. Hili limepigwa. Njoo uone."

Kwenye mdomo wa ndani wa rimu palikuwa na kovu, na ndani ya kovu rangi: njano, na nyeusi kidogo. Dereva aliijua. Kati ya hospitali tano, moja tu ilipaka mawe ya maegesho njano na nyeusi. Ni ile aliyofia mumewe.

Aliliacha gari kwa fundi, kesho yake akaenda hospitali ile kwa miguu. Mlinzi wa getini alikuwa yule yule, na alifurahi kumwona.

"Dada Damu! Leo bila gari?"

"Liko gereji. Nilitaka kukuuliza. Niliwahi kugonga hapa?"

Mlinzi alimtazama kuona kama anatania. "Hukumbuki?"

"Sikumbuki."

"Ni siku ile aliyofariki shemeji." Alishusha sauti. "Ulitoka na kasha lako tupu, ukalipanga nyuma, ukafunga mlango vizuri. Nikasema moyoni, huyu hawajamwambia. Halafu ukarudi nyuma kwa kasi. Gurudumu likapanda jiwe lile, likashuka ng'ambo, ukatia gia, likapanda tena. Kile kishindo, hata wagonjwa walichungulia madirishani. Nilikimbia nikakuuliza, 'Dada, umeumia?' Ukashusha kioo, ukanijibu, 'Nzuri, za kwako?' Ukaondoka."

Dereva alikwenda kwenye jiwe. Pembe yake moja ilikuwa imemeguka, imezibwa kwa saruji mpya isiyopakwa rangi. Alisimama hapo mpaka mgonjwa mmoja akamwomba apishe.

Kwa msimamizi aliandika taarifa ya mistari mitatu: aligonga jiwe, hakujua, hana la kuongeza. Msimamizi aliisoma, akafika kwenye tarehe, akaiweka mezani kifudifudi. Alimwambia ekseli nzima imeshaagizwa, na kwamba bado ana zile siku kumi na nne za likizo alizozikataa baada ya mazishi. Safari hii hakukataa. Siku ya pili Fundi Nyuzi alimpigia simu: amefunga ekseli na tairi jipya, amepima, pande zote zinalingana. Dereva mwenzake ndiye aliyekwenda kulichukua gari.

Jioni hiyo binti alikuwa mezani anapinda ukosi wa shati. Mama alikaa upande wa pili, akamweleza habari ya ekseli, na ya jiwe, na aliyoyasema mlinzi. Alieleza kama anavyosoma orodha ya makasha, bila kupandisha sauti wala kuishusha.

Sindano ilisimama. "Ulimjibu 'nzuri, za kwako'?"

"Ndivyo anavyosema. Mimi sikumbuki jiwe, sikumbuki kishindo. Hata njia ya kwenda hospitali iliyofuata siikumbuki."

"Mimi nilidhani hujali, mama."

"Najua. Nilikusikia."

Binti alikunja shati nusu, akalikunjua. Kisha akalisukuma pembeni na uzi wake. "Niambie tena. Usianzie kwenye jiwe. Anzia ulipoingia ndani."

Kulikuwa na korido, hilo mama alilikumbuka, na sakafu iliyokuwa ndiyo kwanza imepigwa deki. Kulikuwa na muuguzi aliyemshika kiwiko kabla hajasema lolote.

"Muuguzi aliniambia niweke kasha chini kwanza," alisema. "Mimi nikamwambia siwezi, damu itapata joto."

Binti hakumharakisha, na mama akaendelea.