Betri Zilizokufa za Fundi Rimoti

Binti alitoka wodini akaenda moja kwa moja kibandani kwa baba yake, fundi rimoti, amefura kwa hasira. Jana mwanawe wa mwaka mmoja alimeza betri bapa ya rimoti, ya duara kama sarafu, humo kibandani, na baba akamtuliza: "Hiyo imekufa, mwanangu. Itatoka na choo." Wakampa mtoto ndizi, wakangoja mpaka akaanza kutokwa na udenda. Hospitali waliitoa mbio mbio, koo limeshaungua. Daktari alifoka: wangemleta saa ile ile, bila kumlisha kitu, pengine yasingefika huko.

Na kifuniko cha kopo chenye betri zilizokufa bado kilikuwa juu ya kigoda, kimo cha mtoto!

Binti alichukua moja, akaipima kwa mita ya baba yake mwenyewe. Ikasoma volti mbili na nusu, na mpya huwa tatu tu.

"Hii ndiyo maiti yako, baba?"

"Lakini hiyo haiendeshi rimoti..."

"Rimoti haiendeshi, ila koo inalichoma!"

Baba akameza mate.

"Afadhali wewe unameza," binti akamwambia. "Mwenzio analishwa kwa mpira wa puani."