Maji Hayana Mke

Nilikuwa nimefika kichupa cha nne mlango ulipogongwa. Sikugeuka. Ukiwa unadondosha tone dogo kuliko kichwa cha pini, huna mkono wa kumfungulia mtu.

"Fundi! Umejifungia na nani humo?"

Ilikuwa sauti ya bosi wetu. Sisi wa maabara tunamwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kumzima. Nikamaliza tone, nikafunga kifuniko, nikaandika saa kwenye daftari. Ndipo nikajibu.

"Niko na watu kumi na wawili, bosi."

Sikuwa natania. Vipande vya ubongo wao vilikuwa kwenye friza nyuma yangu, kila kimoja na kopo lake na namba yake. Wote walikufa wakiwa na ugonjwa wa kusahau, na familia zao zilikubali tuwachunguze. Redio anataka kuonyesha kwamba kirusi kinacholeta vidonda vya homa mdomoni ndicho kilichopanda hadi kwenye ubongo wao kikauharibu. Swali lenyewe si la kipuuzi. Kirusi hicho kinaweza kweli kuingia kwenye ubongo, na kwa siku chache tu mtu akafa, au akaamka hamjui mkewe. Ila kama kinachangia pia kusahau kwa uzeeni, wenye akili kuliko Redio bado wanabishana. Yeye aliumaliza ubishi huo wiki iliyopita, kabla ya chakula cha mchana.

Siku hiyo vichupa vyote kumi na viwili viliwaka, maana yake mashine iliona kirusi. Tatizo likawa kichupa cha kumi na tatu. Hicho nakitia maji safi, bila ubongo wa mtu yeyote, kusudi kinyamaze. Kisiponyamaza, ujue uchafu umeingia mahali. Nacho kiliwaka.

Nikampelekea karatasi. "Bosi, maji yamewaka."

"Futa huo mstari."

"Niufute?"

"Nani anasoma habari za maji? Fundi, wewe ulianza hapa kwa kuosha chupa. Mimi sikufundishi kuosha chupa, na wewe usinifundishe sayansi."

Ni kweli, nilianza kwa kuosha chupa. Mengine nilijifunza kwenye vitabu walivyovitupa waliosoma. Na mimi si mwepesi wa kuhukumu. Kumdharau huyu bwana kumenichukua miaka tisa. Mwanzoni nilidhani ana haraka. Baadaye nikadhani ana hofu. Nilichelewa sana kukubali kwamba humo ndani mna sauti tu.

Mstari akaufuta mwenyewe. Kisha akampigia simu mke wa namba kumi na moja.

Mama huyo alifika jana asubuhi. Ni mshonaji, sindano mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye ukosi wake, nadhani alizisahau. Akakaa kwenye benchi la korido.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeshika ubongo wa mume wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Daktari wenu ameniambia wamekuta ugonjwa wa vidonda vya mdomo. Nikamuuliza, kaupata wapi? Akacheka. Akasema, 'Mama, kwani nani alikuwa anambusu?'" Akagusa mdomo wake. "Mimi vidonda hivi hunitoka tangu usichana, kila nikishikwa na homa. Na yule mtu nimeishi naye miaka thelathini na minane. Mwishoni alikuwa ananiita shangazi. Niambie basi. Ni mimi?"

Ningeweza kusema hapana, akaenda zake. Lakini sikuwa najua, na swali kama lile halijibiwi kwa kubahatisha. Nikamwambia nilichokuwa nakijua: kwamba watu wazima wengi wanacho kirusi hicho, wengi wamekipata utotoni kwa waliowabeba, na mumewe huenda alikuwa nacho kabla hawajaonana.

"Halafu, mama, siku ile hata maji yaliwaka."

"Maji gani?"

"Maji matupu. Hayakuwa na mtu ndani."

Akafikiri. "Maji yana mke?"

"Hayana."

"Basi nani aliyeyabusu?"

Nikalifungua daftari. Huwa naandika kila anayeingia chumba kile. Siku ya vichupa kuwaka nilikuwa nimeandika hivi: *Saa nne na dakika kumi. Bosi, bila barakoa wala glavu. Kidonda kibichi mdomoni, anakikuna. Amefungua chupa ya dawa ya kuchanganyia, ameishika karibu na mdomo wake. Ameongea dakika ishirini, juu yake mwenyewe.* Vichupa vyote kumi na vitatu vilichota dawa kwenye chupa ile.

Ndiyo maana leo nina chupa mpya, na ufunguo uko mfukoni.

"Fungua! Kesho kutwa nasoma ripoti mbele ya wageni!"

"Vaa barakoa kwanza, bosi."

"Kwenye maabara yangu mwenyewe?"

"Na ukishaivaa, funga mdomo."

Sauti yangu haikupanda. Haijawahi kujua kupanda. Kisha nikamsikia anaondoka koridoni, akimweleza mtu kwenye simu kwamba mwosha chupa amepata kichaa.

Kazi hii haiendi mbio. Kila kipande kina wembe wake na glavu zake, na meza inafutwa upya, la sivyo unamchanganya marehemu huyu na yule. Kwa siku ni sita tu; wale kumi na wawili wa wiki iliyopita niliwakata siku mbili, nikawapima pamoja. Saa kumi mashine ikamaliza. Kichupa cha mfano, nilichokitia kirusi makusudi kuijaribu mashine, kiliwaka. Maji yalinyamaza. Wote sita walinyamaza.

Nilipotoka, mama alikuwa amerudi benchini.

"Umemfikia?"

"Bado. Nimefika sita."

"Huwezi kumtanguliza?"

"Naweza. Lakini anayeanza kuchagua wa kumtanguliza, mwishowe anachagua na majibu."

Akautazama mlango. "Na akiwaka?"

"Akiwaka na maji yakinyamaza, nitakuambia amewaka. Hata hapo, hakuna mashine inayojua nani alimpa, wala kama ndicho kilichomuua. Na yule anayecheka hajui pia."

"Kesho saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Nitakuja na cherehani ya mkono," akasema. "Sitakaa hapa mikono mitupu."

Nikarudi ndani. Nikapanga nyembe sita mpya mezani, nikazifunika kwa karatasi safi, nikaandika namba saba kwenye kichupa cha kwanza. Kisha nikafunga mlango, nikaondoka na ufunguo.