Kikombe Kisicho na Kitako

Kila mwisho wa wiki, mbunifu wa kiwanda cha vyombo vya nyumbani alitandika gazeti juu ya meza ya jikoni na kuchagua kitu cha kuharibu. Ndiyo kazi yenyewe: chukua chombo kilichomo kila nyumba, ondoa kitu kimoja, Jumatatu kipeleke kwa bosi. Alishaondoa mguu wa stuli, stuli ikasimama vizuri tu. Aling'oa meno yote ya kitana, nacho kikaendelea kuchana nywele. Bosi alivipenda, maana vilipunguza malighafi.

Safari hii mawazo yalimkauka. Mumewe, aliyekuwa akiosha vyombo, akamhurumia. Yeye naye alifanya kazi kiwanda hicho hicho, chumba cha vitako, ambako kutwa nzima walibandika vitako vya vikombe vya bati.

"Lete hicho kikombe," akasema. "Nimevibandika tangu sijaota ndevu. Acha leo nibandue kimoja, nijue raha yake."

Akakikata kitako kwa msumeno mdogo, taratibu, kama anayemnyoa mtoto. Mkewe akamimina chai, ikatulia ndani ikifuka mvuke. Ukichungulia kwa chini uliiona imekaa. Wakacheka, wakaenda kulala. Watu wazima wawili, jamani, na hakuna aliyefikiri mbele.

Jumatatu bosi alikinywea chai akaongeza. Ijumaa chumba cha vitako kikafungwa, na mume akarudi na taulo lake, sabuni na kandambili. Unga umemwagika.

"Ni mimi," mke akasema, na machozi yakamtoka.

"Msumeno niliushika mimi, mama. Tupe chai."

Vikombe vipya vilishika chai kwa kila mtu, isipokuwa kwa wale wa chumba cha vitako. Kwao ilipita moja kwa moja hadi kwenye suruali. Bosi alipoelezwa, alisema hao si wateja wengi. Basi mume akajifunza kukinga kiganja chini ya kikombe, na chai ikakaa. Kiganja kiliungua, kwa hiyo mkewe akawa anampoozea kwanza, akiimimina huku na huku.

Mwisho wa wiki gazeti likatandikwa tena. Bosi alikuwa ameshaagiza: kikombe kile kile, sasa ondoa mshikio. Mke akakaa akikitazama. Chumba cha mishikio alikuwamo wifi yake, na watoto wa wifi walimtegemea mama yao tu.

"Nisipokata mimi, atakata mwingine," akasema. "Na mimi nitafuata njia yako."

"Najua."

"Nimwambie nini dada yako?"

Mume akapiga funda, kiganja kikiwa chini ya kikombe.

"Mwambie awe anakuja hapa kunywa chai. Umpoozee na yeye."

Mke akakubali kwa kichwa, akauvuta msumeno.