Matoazi ya Wimbo wa Tatu

Habari kwamba santuri ya ndugu wawili wa familia ya Sallis ingetolewa upya, safari hii kutoka kwenye kanda za mwanzo kabisa, ilifika dukani kwa mzee Cleotha Battle asubuhi, na ilipofika saa sita hapakuwa na pa kukanyaga. Watu wazima walioacha shughuli zao walisimama kati ya makasha ya santuri, wengine wakila karanga za kuchemsha, wakiulizana kama ni kweli.

"Mara ya mwisho walituahidi hivyo hivyo," alisema mmoja, "wakatuletea sauti ya mtu anayeimba ndani ya pipa."

"Pipa lina nafuu," Cleotha akajibu kutoka nyuma ya kaunta. "Lile lilikuwa pipa lenye kifuniko."

Santuri yenyewe iliitwa *Mto Umekauka*. Ilirekodiwa hapa hapa mjini Macon mwaka 1972, ng'ambo ya mto Ocmulgee, kwenye ghala la pamba lililohamwa. Dewey Sallis alichukua nyimbo za bluzi alizofundishwa na wazee akazipitisha kwenye gitaa la umeme mpaka zikatoa moshi; nduguye Carlton alipiga ngoma. Wote wawili walikwisha kufariki. Matoleo yaliyofuata yalitengenezwa kutokana na nakala ya nakala, na kila moja lilififia kuliko lililotangulia. Kungoja toleo la haki kulikuwa kama kungoja ndugu aliyepotea: hukati tamaa, ila huachi sahani mezani.

Neno lililotakiwa zaidi siku ile lilikuwa la Harlan Pruitt, mstaafu wa kiwanda cha karatasi, mrefu, asiye na maneno mengi. Watu walimwita Sikio. Zamani alipita nje ya duka, mlango ukiwa wazi na santuri ikilia ndani, akaingia kumwambia Cleotha kwamba sindano ya gramafoni yake imelika upande mmoja. Ikatazamwa, ikawa kweli. Kwenye jukwaa la wapenzi wa santuri mtandaoni, alichoandika Harlan kilisomwa mpaka Japani, na wako waliokataa kununua kitu kabla Sikio hajasema.

"Wewe unasemaje, kaka?" Cleotha alimuuliza. Walikuwa marafiki tangu ujanani, tangu walipopanga foleni pamoja kuinunua santuri hiyo hiyo.

"Nasema tungoje," Harlan akajibu. "Sikio halishibi maneno."

Watu wakacheka, wakaridhika.

Kazi ya kusafisha sauti ilikuwa mikononi mwa Joy Odom, mwanamke wa makamo mwenye karakana yake kule Atlanta. Baba yake alikuwa mpiga kinanda kanisani huko Milledgeville, na yeye mwenyewe alikua akiisikiliza *Mto Umekauka*. Ndiyo maana, kabla kazi haijapelekwa kiwandani kuchapwa, aliomba kuja Macon na santuri ya majaribio. "Kama nimekosea mahali," alimwambia Cleotha kwenye simu, "nyinyi ndio mtakaoniambia."

Alikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Cleotha alikuwa amefunga mlango na kupanga viti, na kiti cha mbele, katikati ya spika mbili, alikalishwa Harlan. Joy alisimama kando ya ukuta, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Sindano ikashuka. Wimbo wa kwanza, mtu mmoja akafumba macho. Wa pili, Cleotha akatoa leso. Miaka yote ile hakuwahi kusikia pumzi ya Dewey kabla hajaanza kuimba, na sasa ilikuwa pale, kama mtu amesimama mbele yake. Ukaja wimbo wa tatu, ule wa polepole, ambao Carlton karibu hapigi ngoma kabisa, anayagusa matoazi tu, kama mvua nyepesi juu ya bati. Watu wa duka lile waliupenda wimbo huo kuliko yote.

Harlan aliinamisha kichwa. Akageukia spika ya kushoto, kisha ya kulia. Wimbo ulipokwisha alisema, "Simamisha."

Cleotha akainua sindano.

"Bi Odom," alisema Harlan, kwa upole, maana hakuwa mtu mkali, "matoazi umeyapeleka wapi?"

"Yapo, Bwana Pruitt."

"Hayapo. Wimbo huu nimelala nao, nimeamka nao. Matoazi ndiyo wimbo. Umesafisha mpaka umefuta."

Joy hakubishana. Aliwatazama wale wengine, uso mmoja baada ya mwingine, akiwauliza bila kusema. Cleotha aliyasikia matoazi yale waziwazi, kila mguso. Akamtazama rafiki yake aliyeketi kiti cha mbele, akamtazama mgeni, kisha akatazama sakafu.

"Labda yamekuwa mbali kidogo," alisema.

"Ndiyo," mwingine akadakia. "Mbali. Kama yamefunikwa."

Na wa tatu, na wa nne. Baada ya muda kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu matoazi yasiyokuwapo. Joy alishukuru, akaiweka santuri yake kwenye mfuko wake, akaondoka bila kugusa kipande cha keki ya pichi alichokatiwa.

Jioni ile Harlan aliandika jukwaani maoni yake, bila matusi, kwa masikitiko: kwamba kazi ilikuwa nzuri lakini mpigaji ngoma ameuawa mara ya pili. Maneno hayo yalisambaa. Watu ambao hawakusikia hata noti moja walianza kuandika kwa hasira, kufuta oda zao, kumtaja Joy Odom kwa jina na kumwita kiziwi. Wiki ya tatu kampuni inayoitoa santuri hiyo ikatangaza kwamba kazi imepewa mtu mwingine.

"Umetuokoa, Sikio," walimwambia dukani. Harlan akakubali kwa kichwa. Cleotha alikuwa na kazi nyuma ya duka siku hiyo, hakutoka.

Mambo yangeishia hapo, kama si kengele ya moshi, ile ya kuonya moto, nyumbani kwa Harlan.

Asubuhi moja mkewe, Nadine, alipokuwa akikaanga mayai, aliweka mwiko chini akasema, "Harlan, mpenzi, kibadilishie kile kidude betri. Kimenichosha."

"Kidude gani?"

"Kengele ya moshi pale darini. Betri imeisha, inalia kama kifaranga tangu juzi. Unaipita kila mara, nikadhani ndiyo ubishi wako."

Harlan akachukua ngazi, akapanda, akasimama sikio likiwa karibu kabisa na kile kidude. Akangoja. "Hailii," alisema.

Nadine akakunja uso. "Si hiyo imelia sasa hivi?"

Akangoja tena. Safari hii hakutazama dari. Alimtazama mkewe, na akaona mabega yake yakishtuka kidogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Baada ya kitambo, yakashtuka tena. Chumba kwake kilikuwa kimya kabisa.

"Nadine," alisema, bado yuko juu ya ngazi, "ndege wanalia nje?"

Nadine aligeuka kutazama nje. Dirisha lilikuwa wazi. "Wapo, baba," alisema. "Wamejaa."

Akashuka, akaenda chumba chake cha muziki, akaitoa *Mto Umekauka* yake ya ujanani, ile aliyoinunua akiwa na Cleotha. Akaweka wimbo wa tatu. Gitaa likaja, sauti ya Dewey ikaja. Alikaza masikio mpaka shingo ikamuuma. Matoazi hayakuwapo. Akarudia, akarudia tena, na ndipo alipoelewa kwamba kwa miaka asiyojua ni mingapi, alikuwa hasikii matoazi yale, alikuwa akiyakumbuka. Kelele za mashine za kiwanda cha karatasi zilikuwa zimeyachukua kidogo kidogo, na kumbukumbu ikaziba pengo. Siku ile dukani alikuwa amekaza kusikiliza kama hakimu, na kumbukumbu haikumsaidia.

Aliketi hapo mpaka mayai yakapoa. Aliona akilini uso wa Joy, jinsi alivyowatazama watu mmoja mmoja. Akajikuta amejifunika uso kwa jalada la santuri, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Dukani alimkuta Cleotha akipanga makasha.

"Uliyasikia," Harlan alisema. Hakuuliza.

Cleotha aliendelea kupanga kidogo, kisha akaacha. "Niliyasikia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, kaka? Nikuvue nguo mbele ya watu?"

"Kwa hiyo ukanisitiri mimi, ukamvua yeye."

Cleotha akakalia kasha. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku ile hakufanya mzaha. "Silali vizuri," alisema. "Nilijua ni kosa kabla sijamaliza kulitamka."

Harlan aliandika jukwaani siku hiyo hiyo. Alieleza yote: kengele, ngazi, santuri yake mwenyewe. Wengine walimpa pole. Wengi hawakuamini, walisema kampuni imemnunua. Kampuni yenyewe ilijibu kwamba amechelewa, kazi mpya imeshapelekwa kiwandani.

Ndipo alipoendesha gari mpaka Atlanta. Joy alimpokea mlangoni mwa karakana, wala hakumkaribisha kiti. Harlan alivua kofia, akasema aliyokuja kusema, maneno machache, akiyarudia mengine kwa kukosa bora.

"Nilijua, Bwana Pruitt," Joy alisema. "Ulipogeuza kichwa kushoto na kulia, nilijua. Baba yangu aligeuza hivyo hivyo alipoanza kuwa kiziwi. Ningekuambia pembeni, kwa heshima."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu niliwatazama wenzako, na wote wakakubaliana nawe. Nikaja hapa nikajifungia. Nikapimisha masikio yangu. Mimi, ambaye sijui kazi nyingine, nilianza kuogopa vifaa vyangu." Alishika kitasa cha mlango. "Wateja wawili wameniacha. Hilo nitalimudu. Lakini ile hofu ungeniondolea ningefurahi, na huwezi."

"Siwezi," alisema Harlan.

"Basi asante kwa kuja. Barabara ni ndefu." Hakusema kwa ukali. Aliurudisha mlango taratibu mpaka ukafungika.

Toleo lilitoka mwanzoni mwa vuli. Yule aliyepewa kazi baada ya Joy alikuwa amesoma malalamiko yote, akayainua matoazi ili asije akalaumiwa, akayainua mno. Nadine alikuwa amemsihi Harlan abaki nyumbani. Harlan alikuwa na vifaa vipya masikioni vya kumsaidia kusikia, hajavizoea, vilimfanya asikie nyayo zake mwenyewe kama za mtu anayemfuata. Lakini alikwenda dukani siku ilipopigwa mara ya kwanza, akasimama kati ya watu.

Wimbo wa tatu ulipoanza, matoazi yalikata chumba kama kisu juu ya sahani. Watu walikunja nyuso. Mwanamume mmoja, mgeni, aliyetoka Savannah alfajiri kwa ajili ya siku hiyo, alivumilia mpaka katikati, kisha akacheka kwa uchungu.

"Nimengoja hii nusu ya maisha yangu," alisema. "Nani aliyewaambia matoazi hayasikiki?"

Walioijua habari walitazama viatu vyao. Cleotha alinyoosha mkono kuelekea kwenye gramafoni, na mdomo wake ulikuwa umeanza kutafuta kitu cha kusema, kitu chepesi cha kuwapitisha hapo.

"Ni mimi," alisema Harlan.

Mgeni akamgeukia.

"Naitwa Harlan Pruitt. Sikuwa nasikia, na sikujua. Aliyeisafisha vizuri ni Joy Odom, wa Atlanta. Hiyo yake hutaisikia, kwa sababu yangu."

"Na kwa sababu yangu," alisema Cleotha. "Mimi nilisikia."

Yule mgeni aliwatazama wazee hao wawili, mmoja baada ya mwingine. Akatikisa kichwa, akachukua kofia yake juu ya kasha, akatoka, na mlango ulipofunguka Harlan akasikia ndege wa barabarani, wengi, karibu kuliko alivyotaka.