Winga wa Kushoto Kutoka Darini

Jumanne saa mbili na robo asubuhi, Huguette Brisebois alimwaga gunia la jezi chafu za Wapasua Magogo, timu ya mpira wa magongo ya barafuni ya Val-Brochet, kwenye sakafu ya chumba cha kufulia, akazihesabu. Zilipaswa kuwa kumi na tisa. Zilikuwa ishirini. Ya ishirini ilikuwa namba kumi na saba, yenye jina BRISEBOIS mgongoni, ambayo kwa miaka arobaini na mitano ilikuwa imening'inizwa kwenye dari la uwanja kwa heshima ya pacha wake, Normand. Ilikuwa imelowa jasho chapachapa, na kwapani ilinuka kama zile nyingine. Aliona doa la damu kwenye mkono, akalipaka sabuni.

Hakushangaa, maana jana yake alikuwepo kwenye mechi. Katika kipindi cha tatu washambuliaji watatu walikuwa wameumia, na kocha Gadbois alipogeukia benchi alimkuta kipa wa akiba na chupa za maji. Jezi ikashuka kutoka darini taratibu, tupu, haina mtu ndani. Ikachukua gongo na viatu vya barafuni, ikaenda winga ya kushoto. Mwamuzi alipekua karatasi ya majina, asiione, akaitoa nje dakika mbili kwa kuingia bila kuandikishwa. Iliporudi ilifunga. Wakashinda tatu kwa mbili, na watu wa Val-Brochet wakaenda zao nyumbani kuzoa theluji milangoni.

Ijumaa saa sita mchana Huguette alipiga simu kwenye redio ya mji kupima upana wa kikosi, kama alivyofanya kila Ijumaa kwa miaka ishirini na miwili.

"Haya, Mama Huguette, tuchambulie," alisema Ghislain, mtangazaji. "Safu ya kwanza?"

"Safu ya kwanza ni nzuri kama huwajui jirani. Wale wa ng'ambo ya mto wana safu nne, na ile ya nne yao hapa kwetu ingekuwa ya pili. Nikiwaona wanavyobadilishana, mtu na mtu, hakuna anayehema, roho inaniuma mpaka kwenye meno."

"Huo wivu, mama."

"Ni wivu, ndiyo. Wewe ulidhani ni kiungulia? Safu ya pili imezeeka. Ya tatu ina watu watatu na magoti mazima mawili."

"Na ya nne?"

"Ya nne imepona. Ile jezi inapiga kwa kushoto, na kona inaikata kwa ukingo wa ndani wa kiatu. Sasa niambie, Ghislain, wewe ulimwona Normand akicheza. Alikuwa anapigia mkono gani?"



"Kulia," alisema Ghislain, kisha akaweka tangazo la matairi ya theluji.

Mji mzima ulilijua jambo hilo. Mwaka sabini na tisa, wiki ya fainali, Normand aliteleza akiondoa theluji juu ya paa, taya likavunjika, likafungwa kwa waya. Huguette alikuwa na kimo chake na mabega yake. Mama yao alimkata nywele jikoni. Akaingia barafuni na namba kumi na saba, uso umefunikwa na kinga ya nyaya, na kwa kuwa mtu mwenye taya bovu hatarajiwi kuongea, hakuna aliyemwongelesha. Alicheza mechi nne, akafunga mabao saba. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye ligi, na mtu akisema, kombe lingerudishwa. Kwa hiyo hakuna aliyesema. Jezi ikapandishwa darini, na Normand akapewa supu ya bure ya njegere, hotelini kwa mzee Lafleche, maisha yake yote.

Alasiri hiyo hiyo Normand aliingia chumba cha kufulia akinukia supu.

"Pacha, umesikia? Nimesajiliwa mpaka mwisho wa msimu."

"Una miaka sitini na minne."

"Si inacheza jezi, bwana. Mimi nakaa tu."

"Kama kawaida yako."

"Usianze, Huguette."

"Sianzi. Nilishamaliza, mechi nne, wewe uko kitandani unanyonya chakula kwa mrija. Nataka kitu kimoja tu, kaka. Siku moja, mbele za watu, useme ilikuwa mimi."

Normand aliitazama jezi kwenye kamba. "Jina lililoandikwa si letu sote?"

"Letu sote."

"Basi shida iko wapi?" Akaondoka.

Wivu wa Huguette kwa Normand ulikuwa wa zamani, ameshauzoea kama kiungo kinachouma mvua ikikaribia. Uliomtesa sasa ulikuwa mpya: aliionea wivu jezi. Yenyewe bado ilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa na kasi ya Huguette, ukaidi wake na ile kona yake, na haikupanda ngazi kwa kushika ukuta. Alichukua wembe, akafumua BRISEBOIS herufi moja moja, akashona HUGUETTE.

Jumamosi alasiri jezi iliingia na jina hilo, ikafunga mabao mawili. Zilikuwa herufi kubwa nyeupe, hata wa viti vya nyuma walizisoma. Huguette alisimama karibu na mlango wa kuingilia barafuni, mikono kifuani, akisubiri.

"Bao la Normand Brisebois!" alitangaza mtangazaji wa uwanja.

Watu wakasimama, wakamgeukia Normand jukwaani, naye akawapungia.

"Umeona mgongoni?" mwanamke mmoja alimwambia mumewe. "Kaweka jina la dada yake."

"Yule mwanamume ana moyo," alijibu mume. "Kaka yangu mimi hata simu hapigi."

Kocha Gadbois aliihamishia jezi safu ya kwanza. Machi ilipokwisha, ligi ilimteua Normand mchezaji bora wa mwezi, na barua ikasifu pia upendo wake kwa familia. Asubuhi ya sherehe alimletea Huguette koti lake jeusi, akaliweka juu ya meza ya kupigia pasi.

"Fanya haraka, pacha, gari linanisubiri. Usisahau kola."

Huguette alichovya kidole mate, akagusa pasi kuona kama imepata moto. Akaanzia na kola.