Kidole Gumba cha Ngariba

Mzee Maftah alikuwa ngariba wa Waislamu wa Katwe, na mkono wake ulisifiwa kwa wepesi. Kisha siku moja, akikwepa lori la jeshi, alianguka na baiskeli, usukani ukakipindua nje kidole gumba cha kulia. Mkewe, Hajara, alikikanda kwa samli na kukifunga kitambaa mwezi mzima. Uvimbe ulikwisha, nguvu hazikurudi. Wembe ulimponyoka mbele za watu, na tangu hapo wazazi wakawa wanaahirisha sherehe, kwa adabu sana.

"Twende hospitali, Baba Naila."

"Nikakatwe kidole? Madaktari wazuri wamekimbia nchi."

"Basi waliobaki wamebaki kwa ajili yetu. Vaa kanzu."

Daktari Oloya, mtoto wa polisi wa Naguru, alianza na kidole kizima cha kushoto, ili mgonjwa asishtuke. Alikisukuma nje, kikagoma. Cha kulia kikaenda, kikaenda, hakuna kilichokizuia. Maftah aliuma meno. Daktari hakurudia, na Hajara akamshukuru moyoni.

"Mzee, kano ya kiungo imekatika. Ncha yake imechomoka ikakaa juu ya utando unaoifunika, kama utepe wa suruali uliotoka kwenye pindo. Ukikanda hata mwaka, hairudi ndani. Nitapasua kidogo, niirudishe, niishone kwenye mfupa."

"Kidole hukiondoi?"

"Kidole chako, Mzee. Mimi nashona tu."

Maftah akashusha pumzi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hicho kisu, ni kikubwa?"

Amito, muuguzi, akaangua kicheko. "Ngariba! Umekata nusu ya Katwe, leo unaogopa kisu?"

"Mwanangu, mimi siku zote nilikuwa upande wa mpini."

Hata daktari alicheka. Wakampasua kesho yake. Plasta ngumu ya kukifunga kidole ilikuwa adimu kama sukari, lakini Amito alikuwa ameficha roli moja kabatini, akaitoa.

Plasta ilipotolewa, yakafuata majuma ya kukamua kitambaa ili kidole kipate nguvu. Siku ya mwisho daktari alikisukuma kidole nje, kikamgomea. Amito akaleta chungwa na kisu kidogo. Maftah akalimenya polepole, ganda likashuka refu, mkono umetulia. Akalipasua, akampa Hajara nusu.

Hajara hakula. Alilishika tu, akirudia, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," mpaka Amito akamwambia, "Mama, kula basi, gauni lako la gomesi lote linalowa."