Namba ya Bi Siti

Mtu anayeaminiwa na wote ndiye wa kumchunga. Mwizi anajulikana, ukimwona unaficha vyako. Lakini Bi Siti wa Lyulilo tulimwachia kila kitu, tukalala.

Kwetu Ikombe, kando ya ziwa, barabara haifiki, na mtandao unapatikana kwa kubahatisha. Mama zetu wanafinyanga vyungu, wanavipakia kwenye mtumbwi, na Jumamosi vinashuka Lyulilo sokoni, mbele ya duka la Bi Siti. Wazazi wake walikuja na biashara kutoka Kilwa, yeye akazaliwa hapahapa. Mtu akifiwa Mbeya, habari inaingia kwenye simu ya Bi Siti, naye anampa mwenye mtumbwi, mtumbwi unaileta nyumbani. Imekuwa hivyo tangu sijaanza shule. Ndiyo maana mtu wa Ikombe akiulizwa namba ya simu, anataja ya Bi Siti bila kufikiri.

Nami nilitaja hiyohiyo. Isack, kijana mwenye steshenari pale Mbugani, Kyela mjini, alikuwa ananijazia fomu ya mkopo wa chuo. Akauliza namba ya simu, nikaitaja kabla hajamaliza swali. Niliachiwa kitochi, kisimu cha vibonye, na baba alipofariki, nacho kilikuwa mfukoni mwangu wakati huohuo. Sijui nilirogwa na nani.

Bila mkopo, chuo sina. Ada ya mwaka mmoja ni vyungu ambavyo mama yangu Evodia hawezi kuvimaliza hata akipewa mikono minne.

Shaka iliniingia polepole. Kwanza nilimkumbuka Angetile, jirani yetu. Mwaka jana alipata mkopo, lakini meseji ilimfikia baada ya wiki tatu. Alipofika chuoni, usajili umefungwa. Bi Siti akasema, "Nilipitiwa, mwanangu." Kila mtu akasema masikini, mama wa watu ana mambo mengi.

Halafu nikaanza kumtazama anavyopima. Wakubwa wetu walibadilisha chungu kwa nafaka: unakijaza mpaka mdomoni, nafaka yako, chungu changu. Bi Siti bado anapima hivyo kwa wanaotaka mchele. Ila mchele wake unaishia shingoni. Nilimwambia mama. Akanijibu, "Huo uliobaki ni nauli ya meseji zetu." Tangu siku hiyo nikaanza kuhesabu kila kilichopungua.

Jumamosi ile nilishuka na mama. Niliposhika mtandao tu, nikampigia Isack.

"Atupele! Uko wapi wewe?" akafoka. "Fomu yako ina upungufu. Cheti cha kifo cha mzee hakikupanda ukurasa wa pili. Wametuma meseji mara tatu!"

"Kwa nani?"

"Kwa namba uliyonipa. Mwisho wa marekebisho ni leo saa kumi jioni."

Saa ilikuwa tisa na nusu.

"Cheti ninacho hapa kwenye kompyuta," akaendelea. "Nikiingia kwenye akaunti yako wataleta tarakimu sita kwenye simu hiyo. Nisomee tu. Zinakaa dakika tano, usichelewe. Na Jubilate na Glory wa huko kwenu nao wana upungufu huohuo, na namba hiyohiyo."

Bi Siti alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, simu kubwa mapajani, kifudifudi. Siku zote anailaza kifudifudi.

"Shikamoo Bi Siti. Kuna meseji zangu za mkopo?"

"Marahaba. Za mkopo?" Akacheka. "Zile za 'ndugu mwombaji, ingia kwenye akaunti yako'? Nimezifuta. Matapeli hao."

"Umefuta meseji zangu?"

"Nimekuokoa, we mtoto. Mwaka juzi walinila laki nne kwa maneno hayohayo. Hawanipati tena."

"Ungeniuliza!"

"Nikuulize wewe unajua nini? Umezaliwa juzi."

Wakati huo simu ikalia. Akaigeuza, akasogeza miwani, akasoma kwa sauti kama anasoma hotuba: "'Usimpe mtu yeyote namba hii.' Umesikia? Wenyewe wamekataza."

"Hiyo ndiyo yangu. Nisomee."

"Imeandikwa usimpe mtu yeyote."

"Mimi ndiye mwenye akaunti!"

"Na mimi ndiye mwenye simu."

Nikamwekea kitochi sikioni aongee na Isack. Akamsikiliza kidogo, akanirudishia. "Sauti ya kitapeli kabisa. Wanaanzaga hivyohivyo kwa heshima."

Niliomba. Naapa niliomba. Nilimwita Bi Siti mama, nikamwita bibi, nilipiga goti kwenye mchanga. Wanawake wa vyungu wakaja, nikadhani wamekuja kunisaidia. "Mwache Bi Siti," wakasema. "Mtoto unabishana na mtu mzima sokoni?" Isack akawa anasema sikioni mwangu, "Zimekwisha. Naomba nyingine. Hii ni ya mwisho kabla ya saa kumi, Atupele."

Simu ikalia tena. Kioo kikawaka.

Nikaipokonya.

Nilikimbilia ziwani, kwa sababu kwingine kote kulikuwa na watu. Niliingia mpaka kiunoni, simu yake mkono huu, kitochi changu mkono huu, vyote juu. Nani angenikaba pale? Akinivuta, simu inazama. Bi Siti akasimama ukingoni na kitenge chake, anapiga mayowe:

"Mwizi! Mwizi huyo! Evodia, mtoto wako mwizi!"

"Tano, tisa," nikamsomea Isack. "Moja, moja, nane, tatu."

"Nimeingia. Napandisha. Usitoke majini."

"Sitoki. Leta ya Jubilate."

Ikaja. Nikasoma. Ya Glory ikachelewa. Mtandao ukapotea, ukarudi, na iliposomeka saa kumi ilikuwa imepita. "Dirisha limefungwa," Isack akasema. Glory ndiye aliyekuwa hana baba wala mama.

Nilitoka majini nikamrudishia Bi Siti simu yake, kavu. Akanizaba kofi. Nikalipokea.

Kwenye mtumbwi wanawake walinipa mgongo. Tulipofika nyumbani mama alichagua chungu kizuri kuliko vyote, kile alichokipaka udongo mwekundu na kukisugua wiki nzima, akakiweka mbele yangu.

"Jumamosi utampelekea Bi Siti. Utapiga magoti. Utasema umekosa."

"Mama, ningekosa mkopo leo."

"Lakini hakukuibia. Ulimwita mwizi moyoni miezi yote hii, na hakuiba hata senti. Aliogopa tu matapeli."

Hilo ni kweli. Nimelifikiri sana na ni kweli. Hakuiba.

"Angetile yuko nyumbani anachimba udongo," nikasema. "Glory atakuwa naye mwaka huu. Nani kawapigia magoti hao?"

"Bi Siti akikasirika, vyungu vyetu atavipokea nani? Habari zetu atazileta nani?"

"Zangu nitazifuata mwenyewe. Jumatatu naenda na Glory kwa Isack tuandike rufaa, na tutaandika namba ya kitochi changu."

"Atupele. Nakuomba. Sema samahani, mambo yaishe."

Nilikibeba kile chungu, nikakirudisha kwenye rafu yake taratibu, kisipate hata ufa.

"Sisemi, mama. Si Jumamosi hii, si nyingine. Simuombi msamaha."